Usingizi wa Muntu Asiyekula Bugali

Masisi, tarehe 14 Septemba 1969

Kwa dada yangu mukubwa Athanasie, kule Ntoto,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha shemeji, kisha watoto wote, hata yule wa mwisho ambaye aliniuma kidole siku nilipokuja kumubariki. Magoti yako yanasemaje? Ile dawa ya majani ilisaidia ao ilikuwa tu ya kunukisha nyumba? Huku kwetu mvua imeanza, ng'ombe wanashiba, Libérata ni muzima na ana nguvu za kunigombeza, watoto ni wazima. Mimi pia ni muzima, lakini kwa sehemu sehemu.

Dada, kwa heshima yote ninakutangazia, wewe na wote wanaohusika, kwamba tangu tarehe 8 ya mwezi uliopita kitanda changu mimi Ladislas, baba wa watoto sita, musomaji wa matangazo katika kanisa letu, kilihamishwa kutoka chumba cha bibi yangu Libérata na kupelekwa katika kibanda cha vyungu vya maziwa, ukuta mumoja na ndama. Hakukuwa na hotuba. Libérata alishika upande wa kichwa, mimi nikashika upande wa miguu, na ndama hawakupinga.

Najua hii siyo habari unayoingojea. Wauzaji wanaopita kwenda Hombo wamekwisha kukuletea ile nyingine: kwamba Papa Ladislas alilewa mbele ya wakwe wa Kalembe hata akakoroma, na kwamba ndoa ya binti yetu Annonciata imevunjika. Nitafika huko. Lakini ukianzia mwisho utanihukumu kama wengine, basi weka kikapu chini, kaa, unisome polepole.

Mwezi wa tano nilikuandikia kwamba nina shida ya tumbo. Haikuwa tumbo. Ilikuwa kile kidonda cha kidole cha muguu ambacho kilikataa kufunga, na kiu ya kunywa mutungi muzima, na kukojoa kama ng'ombe. Nilikwenda lopitali ya misheni, daktari akapima mukojo, akaniambia ni ugonjwa wa sukari. Unakumbuka kiu ya marehemu baba, na vidole vya muguu vilivyomubakia mwishoni? Njo ile ile. Daktari alisema kuna njia mbili: kukata kidole, ao kukata chakula. Nilichagua chakula kwa sababu sikujua ninasema nini.

Bugali, hapana. Birayi, hapana. Viazi vitamu, ndizi, muhogo, maharagi, hapana. Kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, hata kuinusa hapana. Nikamuuliza, kwa sauti ya mutoto, basi na maziwa? Akasema maziwa yenyewe yana sukari ndani, nisiyaguse, ila naweza kula siagi yake. Dada, mimi mwenye ng'ombe kumi na mumoja! Kila asubuhi nasimama pale wanapokamua, naangalia povu linapanda katika chungu, kisha narudi nyumbani kula nyama iliyooga siagi, mayai, mboga ya lengalenga, avoka, na kipande cha fromaji, ile jibini ya kwetu. Asubuhi nyama, jioni nyama.

Kuhusu ugonjwa tulikubaliana, mimi, Libérata na Annonciata, kwamba hatutamwambia muntu. Binti yuko karibu kuolewa, na wakwe wakisikia kwamba babu alikufa nao na baba anao, watasema iko katika damu, wataanza kuhesabu vidole vya bibi arusi. Kwa hiyo majirani waliona tu kwamba Ladislas anachinja kuku kila siku. Jirani yangu Munyakazi aliniuliza kama nimechaguliwa kuwa ministre. Kila akipita anapiga saluti na kuomba kazi kwa ajili ya mashemeji zake.

Kidonda kilianza kufunga, siwezi kusema uongo. Lakini usingizi ulihama. Ulikuwa na urafiki na bugali na mimi sikujua. Nikilala, kinywa kinakauka. Nikinywa maji, naamuka kukojoa. Nikirudi, musuli wa muguu unakaza kama kamba ya kufungia kuni, narusha teke, na teke linajua njia moja tu, ile ya kwenda kwa Libérata. Moyo unapiga kama muntu aliyekimbizwa, na mimi niko nimelala chali. Nilijaribu kahawa na siagi ili nichoke zaidi. Usicheke, ilikuwa wazo la Munyakazi. Nilijaribu kula nyama nyingi kabla ya kulala, nikidhani tumbo likiwa zito macho yatafuata. Macho hayakufuata. Nilisali rozari tatu nzima, na ya tatu niliisali kwa hasira.

Juu ya hayo ikaja harufu. Kinywa changu kilianza kunuka kama ndizi zilizowekwa shimoni siku nyingi, kama chungu cha kasiksi kilichofunguliwa sasa hivi. Miaka yote niliyokunywa kweli, Libérata hakusema neno. Mwaka huu ambao sijagusa hata tone, alininusa kila jioni kama afisa wa duane pale mupakani. Niliapa kwa jina la mama. Alijibu kwamba mama alikuwa muntu muzuri na nisimuingize katika pombe zangu. Usiku wa teke la tano alisema mulevi anayerusha miguu akalale na wenye miguu mine. Ile njo asili ya kuhama kwa kitanda.

Nilichoka, dada. Muntu anayeambiwa na wote kwamba ana bahati ya kula nyama, na hajalala wiki tatu, anaweza kumupiga hata mutakatifu. Siku ya posho, jumamosi, nilikwenda kumuona infirmye Hakorimana, yule muuguzi anayesikia muntu kabla ya kumuandikia dawa. Nilimumwagia yote, hata harufu. Alinieleza kwamba mwili usiopata bugali unachoma mafuta, na moshi wake njo ile harufu; siyo pombe. Nilimuomba aje amwambie Libérata. Alikataa, alisema yeye anatibu watu, siyo ndoa. Kisha akaniuliza kama natia chumvi katika chakula. Nilisema kidogo, maana nilidhani mugonjwa anakatazwa kila kitu. Alipiga paji la uso. Kumbe mukojo wote ule unaondoka na chumvi ya mwili, na musuli usio na chumvi unakaza. Alinituma ninywe muchuzi wa mifupa wenye chumvi asubuhi na saa kumi, nile chakula cha mwisho kabla jua halijaingia, nisinywe maji mengi jioni, niache kahawa, nitembee hadi mutoni na kurudi, na nile lengalenga na avoka bila kununa.

Sasa sikiliza bahati yangu. Siku ya Mungu, kesho yake, njo ilikuwa siku wakwe wanakuja kumuomba Annonciata. Asubuhi, kwa utii wa mugonjwa, nilikunywa bakuli mbili za muchuzi. Nikaona miguu inalegea. Nikaona moyo unatulia. Nilimushukuru Mungu, nikavaa koti, nikakaa kitini mbele ya wageni.

Walikuja watu ishirini na wawili kutoka Kalembe, na vibuyu, na Damien muchumba wa mutoto, amevaa kravate iliyomukaba shingo, na Papa Léonard baba yake. Wewe unawajua watu wa Kalembe, musemaji wao hawezi kuomba hata kiberiti bila kuanza na mababu. Alianza na mababu. Alipanda vilima, alishuka mabonde, alifika kwa ua zuri lililoonekana katika lupango ya nyumba yetu. Saa nane ya muchana, jua tamu, kivuli cha migomba, sauti inakwenda kama maji. Na ule usingizi wa wiki tatu, dada, ulikuja wote pamoja, ulichagua saa ile.

Wanasema nilikoroma kwa nguvu mara mbili kuliko kawaida. Wanasema musemaji alinyamaza, akangoja, akajaribu tena na sauti kubwa, na mimi nikamujibu na koromo lingine. Papa Léonard mwenyewe aliinama kuniamusha kwa bega, na nikafungua kinywa kumupumulia usoni ile harufu yangu yote. Nilipofungua macho, alikuwa amesimama. Hakugomba. Alisema kwa upole tu kwamba wanaona baba wa binti alikwisha kunywa peke yake kabla ya wageni, basi wao watarudisha ya kwao. Walifunga vibuyu ambavyo havikufunguliwa, wakapanda kilima. Damien aliangalia nyuma mara tatu. Annonciata aliingia jikoni na kufunga mulango.

Libérata aliona tangu asubuhi kwamba nilikunywa muchuzi tu, basi siku ile hakunigombeza. Alikaa karibu nami katika kibanda cha ndama, akaniuliza tufanye nini. Nikisema ukweli, kwamba sikunywa, lazima niseme harufu ilitoka wapi, na ugonjwa unatoka nje, na baba yetu kaburini anatoka nao, na binti anabaki kwetu. Nikisema nililewa, mulevi anasamehewa. Analeta kondoo, anaomba musamaha, watu wanacheka. Katika kijiji chochote cha Masisi kuna nafasi ya mulevi. Nilichagua kulewa.

Siku ya nne ya wiki nilichukua kondoo dume, nikamuchukua na Munyakazi ili asaidie kuona aibu, tukatembea hadi Kalembe. Mbele ya lupango nzima nilisema kwamba nililewa, kwamba nilikunywa tangu asubuhi, nisamehewe. Mimi ninayesoma kila mwezi kanisani lile tangazo juu ya walevi! Wazee walicheka hadi kushika mbavu, mumoja aliniuliza ilikuwa vibuyu vingapi, na Munyakazi, rafiki gani huyu, alijibu kwa niaba yangu kwamba ni vitatu. Kondoo alipokelewa. Njo hapo wakaleta chungu cha kasiksi.

Hadi hapa nimekuambia yale ambayo kila muntu aliona. Sasa nakuambia yaliyotokea kweli, na hata Libérata sijamwambia.

Unajua desturi. Baba wa kijana na baba wa binti wanainama juu ya chungu kimoja, kila muntu na mulija wake, wanavuta pamoja hadi wazee waone pombe imeshuka. Asiyevuta anasema kwa kinywa kilichofungwa kwamba anaogopa sumu ya mukwe, na ndoa inakufa palepale. Nilikuwa nimesahau chungu. Nilifikiri kondoo atatosha. Niliangalia kasiksi ile nzito, tamu, nikaona kidole changu, nikaona kisu cha daktari, kisha nikamuona Damien anasimama mulangoni kama muntu anayengoja hukumu. Nikasema moyoni, basi, kidole kiende. Nikainama.

Papa Léonard aliinama pia, paji lake karibu liguse langu, na alisema chini sana, mulija ukiwa katika meno, kwamba niweke mudomo tu, nisivute, yeye atavuta kwa wawili. Nilidhani sikusikia vizuri. Akaendelea. Alisema Annonciata alifika kwake siku ya pili ya wiki, peke yake, kwa muguu, akawaambia yote: babu, sukari, kidole, harufu. Binti alisema wakitaka kumukataa wamukatae kwa sababu ya ugonjwa, na wasimukatae kwa sababu ya ulevi, maana baba yake siyo mulevi. Walikaa usiku muzima wakijadiliana, Papa Léonard na bibi yake. Kulipokucha walikuwa wamekubali. Na sasa, akasema, wewe umekuja mbele ya watu wangu wote kujitukana kwa ajili yake. Mutoto wa muntu kama huyu, sisi tungemuacha tuchukue wa nani?

Kisha alivuta. Alivuta kwa ajili yake na kwa ajili yangu, mushipa wa shingo ulisimama, macho yalitoka maji, na mimi nikaweka mudomo juu ya mulija na kujaza mashavu hewa kama mupuliza tarumbeta, hadi wazee wakapiga makofi kwamba imeshuka.

Annonciata hajui kwamba nimejua. Asubuhi ananiuliza, Papa, umeamukaje, namujibu muzuri, na wote wawili tunaangalia chini kama watu walioiba kuku mumoja.

Misa ya ndoa ni tarehe 25 ya mwezi wa kumi na moja. Uje siku tatu mbele, wewe shangazi njo utamufunga kitambaa. Leta mawese, siyo ndizi. Libérata anakusalimu, watoto wanakusalimu, Munyakazi anasalimu shemeji. Hii barua ukiisha kuisoma, tafazali iwashie moto wa chai.

Mimi mudogo wako anayekupenda,

Ladislas