Aspirini Kwenye Masharubu ya Mkaguzi

Roza, sina mbavu! Yule baba mkwe anayenikataza kuwasha jiko la gesi? Katusimulia sasa hivi kisa chake cha 1978!

Alikuwa na duka la dawa Iringa. Akamwambia mkaguzi wa dawa: "Kwa hesabu zangu, gesi ya soda ukiibana sana na kuipasha moto, itayeyusha aspirini yote." Mkaguzi akajibu: "Isipoyeyuka, nafunga duka."

Basi mzee akatia aspirini kwenye mtungi wa chuma, akaibana gesi humo, akapasha. Halafu akafungua koki ya mtungi ili mkaguzi achungulie. ACHUNGULIE, Roza!

PAAA! Unga mweupe kwenye chai ya mkaguzi, kwenye masharubu yake!

"Haikuyeyuka!" mkaguzi akafoka.

"Iliyeyuka, bwana! Gesi imetoka, ndiyo maana aspirini imerudi kuwa unga!"

Mkaguzi akajilamba masharubu. Akajilamba tena.

"Ila kichwa kimeacha kuuma."