Wavu wa Goli na Mukono wa Zaina

Kigoma, Alhamisi, baada ya kazi

Mudogo yangu Zaina,

Kama barua hii imekukuta umesimama, tafuta kiti kwanza, halafu umupe maji huyu mama muchuuzi aliyeileta, maana kutoka ziwani mpaka Kindu si karibu. Ni mimi kaka yako Ramazani, Yaya wako. Niko muzima, ila mugongo unanisumbua nikiinamia beseni muchana kutwa. Na wewe je? Ile homa imekuachilia? Jikoni mulishaezeka, ao mvua bado inakupikia pamoja na wewe? Shemeji bado anakohoa? Nijibu kimoja kimoja. Mara ya mwisho uliniandikia "tuko wazima" tu, nikabaki sijui ni nani muzima na ni nani amelala.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Nimeusikia mara nyingi. Unauliza: "Yaya, niseme ao ninyamaze?" Ningeweza kukupigia simu, lakini unanijua. Kwenye simu ninaanza kutania, ninaishia kuuliza bei ya muhogo. Kwa hiyo ninaandika.

Nimeelewa hivi, unisahihishe kama nimekosea. Komite ya Mwangaza, timu yetu ya mupira, inataka kumupa Mashini ekipe mupya ya wasichana aifundishe. Mashini yule yule, mufungaji wetu wa zamani, yule aliyekuwa mume wako wa kwanza. Mwamini, mutoto wako wa mwisho, amechaguliwa mu hiyo ekipe. Wamama wa mutaa wamelalamika kwamba mwanaume aliyemuvunja muke wake mukono hawezi kupewa mabinti za watu. Na katibu wa komite amekuja mpaka mulangoni pako kukukumbusha kwamba mu kitabu chao imeandikwa ulianguka. Kama ulianguka, hakuna maneno. Wanangoja wewe useme kabla hawajaketi.

Nitakuambia ukweli, na ukweli wenyewe unaanza vibaya. Mwamini alinitumia picha. Mashini amesimama mbele ya goli, kofia mupya kichwani, filimbi shingoni, wasichana wamemuzunguka wanacheka. Tumbo limetangulia kidogo lakini miguu ni ile ile. Nikaikuza picha kwa vidole. Unajua nilikuwa ninatafuta nini? Nilitaka kusoma kofia imeandikwa nini. Imeandikwa KOCHI. Niliona wivu, Zaina, mpaka mate yakawa machungu mudomoni. Halafu mutoto ameandika chini: "Mujomba, kochi anatufundisha hata kulinda goli." Mashini, kulinda goli. Mutoto wako hajui kwamba mujomba wake njo alisimama mu lile goli. Hakuna aliyemwambia, hata wewe, na hilo pia limeniuma, acha niliseme lipite.

Wewe unakumbuka habari ya wavu. Mimi ninaiona kila siku, kwa hiyo nivumilie niirudie.

Ile miaka ya vita treni ilikuwa imelala gare, pale stesheni, nyasi zimeota katikati ya reli. Boti hazipandi muto. Chumvi tulikuwa tunaipata kwa kijiko, na siku nyingine hata kijiko hakuna. Mama alikuwa anapika sombe, majani ya muhogo, bila chumvi na kutuomba radhi, sisi watoto wake wakubwa. Mupira peke yake njo haukusimama. Hata wenye bunduki walikuja kutazama, wakaegemeza silaha zao ukutani na kupiga makofi Mashini akifunga. Goli zetu zilikuwa na nyavu mbili, nzuri, zililetwa kabla ya vita. Nikachukua wavu mumoja, ule wa upande wa muto, nikaukunja mu gunia, nikapanda mutumbwi mpaka Lokandu. Muvuvi mumoja akanipa bakuli tatu za chumvi. Miaka yote nimesema ile chumvi ilikuwa ya Mama. Nusu ilikuwa ya Mama. Nusu nilimupelekea yule binti wa Pangi niliyekuwa ninamutaka. Yeye hakunitaka, ila chumvi alibaki nayo.

Ningepona, kama si matundu. Wavu wa goli umefumwa kuzuia mupira, haukufumwa kuzuia samaki. Baada ya wiki mbili yule muvuvi akafika Kindu na wavu begani, akaingia uwanjani katikati ya mazoezi, akasema mbele ya watu wote: "Nirudishie chumvi yangu, samaki wote wanapita." Na watu wa Kindu unawajua kwa midomo. Mumoja akamujibu: "Muzee, usiulaumu wavu. Hata huyu kipa wetu akisimama golini, yote inapita." Mpaka leo nikikumbuka ninacheka, halafu ninakasirika kwamba nimecheka.

Komite ikaketi siku ile ile. Mwenyekiti akasema muchezaji ni kioo cha muji, na anayeiba nje ya uwanja hawezi kuaminiwa ndani ya uwanja. Wakanifukuza maisha. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili.

Mwezi ule ule Mashini akakuvunja mukono. Na mwenyekiti yule yule, na kioo chake, akasema mambo ya nyumba hayavuki kizingiti. Jumapili Mashini akafunga mawili. Nilikuwa nyuma ya goli, nimesimama na watoto wanaookota mipira, ninamutazama akibebwa mabegani.

Sasa nikueleze ya huku. Unajua kazi yangu ni kufua na kupiga pasi. Jezi za ekipe moja ya hapa Kigoma zinapita mikononi mwangu, namba moja mpaka ya mwisho, na ile namba moja ninaipiga pasi vizuri kuliko zote, usiniulize juu ya nini. Mwezi uliopita muchezaji wao mukubwa alimupiga chupa mutumishi wa baa, akamupasua uso. Ikawa njo hadithi ya kila muteja wangu. Fundi cherehani wa jirani anasema: "Tunapenda miguu yake, hatujamwoa. Akitoka uwanjani ana maisha yake." Mwalimu mumoja anasema: "Ningefanya mimi, kesho nisingeingia darasani." Fundi akamujibu: "Wewe hufungi mabao, mwalimu." Watu wakacheka.

Basi na mimi nikaweka pasi pembeni, nikatoa yangu, ile ninayowatolea miaka yote. Nikawaambia: kwetu walinifukuza maisha kwa ajili ya wavu, na mwenzangu alivunja mukono wa mwanamuke akaendelea kucheza. Wakacheka habari ya samaki, kama kawaida. Wanacheka pia ninavyosema "njo" pale wao wanaposema "ndiyo". Lakini kulikuwa na mama mumoja, muuza dagaa, amekuja kuchukua kanzu ya mume wake. Yeye hakucheka. Akaniuliza:

"Na huyo mwanamke ni nani?"

Nikasema: "Muke wake."

Sikusema ni dada yangu, Zaina. Ilikuwa kwenye ulimi na sikuisema. Kanzu niliikunja vibaya, akanirudishia, nikaikunja tena, na yeye ananitazama tu. Alipoondoka nikahesabu ni mara ngapi nimesimulia habari hii huku ugenini. Sikumbuki hata mara moja niliyotaja jina lako. Mukono wako nimeutumia kupimia wavu wangu, basi.

Sasa kaa vizuri, kuna kitu hukijui.

Siku ya pili baada ya Mashini kukuvunja mukono, ulipokuwa kwa yule bibi anayeunga mifupa, mwenyekiti na Mashini walikuja nyumbani. Baba alikuwa ametutoka, kwa hiyo mimi njo nilikuwa muzee wako mahali pake. Nilifikiri wamekuja kuomba radhi. Mwenyekiti akasema: "Ramazani, sisi na wewe tunaweza kusaidiana. Dada yako akisema alianguka kwenye ngazi za bandari, sisi tutasema ule wavu ulikuwa utoto." Mashini alikuwa anatazama viatu vyake. Na mimi nikauliza: "Nitarudi golini lini?" Hilo njo swali nililouliza. Sikumuuliza Mashini alikupiga juu ya nini.

Kutoka pale nikakuja kwako. Mukono ulikuwa umefungwa na vijiti, vidole vimevimba. Nikakuambia useme ngazi za bandari. Ukaniuliza: "Yaya, ni kwa ajili ya heshima ya nyumba yetu?" Nikasema ndiyo. Nikasema Mama hataweza kubeba aibu. Uliniamini, ukasema ngazi, ukarudi kwa Mashini, ukakaa naye mwaka muzima tena kabla ya kuondoka. Ule mwaka mimi njo nilikupa.

Nililinda goli michezo mitatu. Ule wa tatu nilifungwa manne, wakaleta mwingine, hata komite haikuketi. Hapo njo nilikasirika mpaka nikahama Kindu. Wewe na Mama mulifikiri ninakimbia vita. Nilivuka ziwa nikiwa ninawalaani komite na Mashini, na nimewalaani miaka yote hii, na mpaka juzi mbele ya yule mama wa dagaa nilifikiri ninawalaani kwa ajili ya haki. Hapana. Nilikuwa ninadai goli langu. Niliwauzia dada yangu na wao hawakulipa yote, hiyo njo ilikuwa hasira yangu. Wazee wanasema muchuma janga hula na wa kwao. Mimi janga nililichuma, nikakuachia wewe ulile peke yako.

Kwa hiyo nikujibu: sema.

Watakuambia maneno haya yanatoka kwa kaka yako mwenye wivu. Mashini mwenyewe atasema ninamuonea kijicho kwa kofia. Usibishane nao. Waambie ni kweli, Ramazani ana wivu, hata leo angepewa ile kofia angeivaa na kulala nayo. Lakini wivu wangu haukuwa mu nyumba yenu siku ile. Mukono wako haukuvunjwa na wivu wangu.

Na usifikiri ninataka wamufukuze maisha. Mimi nilifukuzwa maisha, ninajua hilo neno linavyoingia masikioni. Mashini alicheza vizuri. Mabao yake ni mabao, hata yale mawili ya ile Jumapili, ingawa nimejaribu sana kuyafuta. Akae na wazee wa mupira, anywe chai yao, watu wamusalimie njiani. Lakini filimbi ya wasichana ni kitu kingine. Mutoto wa miaka kumi na sita akisikia filimbi anakimbia anapoambiwa, hana nafasi ya kuuliza anayeipiga ni muntu wa namna gani. Na kabla hawajamupa hata kazi ya kubeba mipira, aseme mwenyewe mbele za watu alichokufanyia. Mimi nimeweza kusema changu, na mimi si jasiri.

Kama moyo wako unakataa, ao kama shemeji hapendi jina lenu litembee tena mutaani, sitakulaumu. Sina mudomo wa kukulaumu. Ndiyo maana karatasi ya mwisho nimeiandika peke yake. Unaweza kumupa katibu hiyo tu, hizi nyingine ukazichoma jikoni. Na kama baada ya kusoma hutaki kusikia sauti yangu, nitaelewa. Nitaendelea kutuma salamu kupitia kwa mutoto, mpaka uniambie niache.

Nisalimie shemeji, mume wako muzuri, umwambie kikohozi cha muda murefu hakitibiwi kwa tangawizi tu, aende hospitali. Nisalimie Mama Mukubwa Feza, dada ya marehemu Mama, aliyesaidia kutulea, umubusu mikono yote miwili. Nisalimie mwalimu wa madrasa, rafiki wa Baba, kama bado anatoka nje kuota jua. Na Mwamini, umwambie mujomba anasema hivi: anayelinda goli asibaki juu ya mustari akingoja, atoke akutane na mufungaji mapema. Mimi sikuwa ninatoka.

Kaka yako, unayemwita Yaya, kama bado utapenda kuniita hivyo,

Ramazani

(karatasi ya mwisho)

Kwa komite ya Mwangaza, Kindu.

Mimi ni Ramazani, niliyelinda goli lenu wakati wa vita. Wavu niliuiba mimi, na hilo muliliandika sawa. La dada yangu muliliandika uongo. Muliununua kwangu kwa kunirudisha golini, na mimi njo niliyeupeleka kwake akiwa mugonjwa, nikamushawishi auseme. Kama munahitaji shahidi, nitavuka ziwa kuja kusimama mbele yenu, Mashini akiwepo.

Futeni mulichoandika. Zaina hakuanguka.