Kabichi Niliyoinyima Kisu

Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Mvua ya alfajiri imekwisha, jua limetoka, na upepo wa ziwani unakausha nguo zetu za kanisani kwenye kamba. Nimeshiba na nafsi imetulia. Siku ya namna hii ndiyo inayofaa kukiri kosa, kwa kuwa mtu hana hata njaa ya kuisingizia.

Leo nimesimama mbele ya akina mama wenzangu wa kikundi cha bustani, nikasema kwamba nilikosea.

Nianze mwanzo. Kwa muda mrefu mbegu za kabichi hazijaonekana madukani Musoma. Siku hizi, tangu serikali ilegeze masharti ya biashara, sabuni imerudi na vitenge vinaning'inia tena milangoni. Lakini nilipoulizia mbegu, mwenye duka alinitazama kana kwamba nimeulizia theluji. Msimu uliopita tulipanda punje za mwisho za kopo la zamani, zikaota chache. Kabichi zilipofunga tulizila zote kwa dagaa na karanga za kutwanga, maana mafuta ya kupikia nayo ni hadithi nyingine.

Zote, isipokuwa moja.

Hiyo niliichagua mimi, nzito na ngumu kama jiwe la kusagia. Nikatangaza kikundini, kwa sauti ileile ninayofundishia darasani, kwamba tutaiacha ikomae, itoe maua, kisha mbegu, na kila mama hapa Kiriba atapata fungu lake kabla ya mvua za vuli. Mchicha hutoa mbegu, figiri hutoa mbegu. Kabichi ina kiburi gani?

Wakaniamini. Nimewafundisha watoto wao wote. Wakainua matuta, wakabeba samadi kichwani kutoka mazizini, wakangoja neno langu.

Nami nikangoja kabichi. Niliimwagilia asubuhi na jioni, nikainyunyizia majivu kuwafukuza vidukari, nikapiga marufuku kisu kuikaribia. Ilipoanza kupasuka utosini nilifurahi, nikidhani ua linatafuta mlango. Ua halikutoka.

Mama mkwe wangu, Nyangeta, ambaye tunaishi naye, alipita pale kila asubuhi akienda kuchuma mchicha. "Mwalimu," aliniambia siku moja, "hiki kitu kinakaaga hapa kama mwenyekiti. Kinanenepa tu, kazi hakifanyi."

Sikucheka.

Kisha, bila taarifa, akaja mjomba wa mume wangu kutoka Manyamanyama, kule Bunda. Mimi nilikuwa shuleni. Samaki hawakuwapo, kwa sababu nyuzi za kushonea nyavu zimekuwa adimu, na kwetu mgeni aliyelishwa ugali kwa chumvi hulisimulia jambo hilo hadi kaburini. Niliporudi nilimkuta anapangusa vidole. "Mke wetu," akaniambia kwa furaha, "miaka yote nasema majani ni ya mbuzi. Leo nimewaonea wivu mbuzi."

Nilielewa kabla sijafika bustanini.

"Mama, umekata mbegu ya kikundi," nilimwambia mama mkwe jikoni.

"Nimekata mboga," akajibu, bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria. "Mgeni wangu alale njaa kwa ajili ya ua ambalo hata wewe hujaliona?"

Siku nyingi baada ya hapo nilimpa salamu tu, na hata salamu zenyewe nilizipima. Kati ya yote ninayoyakiri hapa, hilo ndilo linaloniaibisha zaidi.

Kumbe hakuing'oa. Mimi huwafundisha wanafunzi kwamba kabichi ikishavunwa, shina ling'olewe na tuta lisafishwe. Yeye alirithi kwa mama yake kwamba mboga haing'olewi, hukatwa juu, ikaachiwa shina na majani ya chini, "kwa sababu ukiing'oa umeiaga." Baada ya wiki mbili shina lilitoa vijicho mfano wa punje za maharage, kisha machipukizi ya urefu wa kidole. Hakungoja nimwombe radhi. Aliniita kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwalimu, njoo uone watoto wa mwenyekiti wako."

Tuliyabandua machipukizi tisa, kila moja na ngozi kidogo ya shina, tukayachomeka kwenye mchanga wenye unyevu chini ya kivuli cha majani ya mgomba. Mawili yalioza. Saba yametoa mizizi.

Wiki iliyopita, nikiwa Butiama kwa semina ya walimu, nilimuuliza bwana shamba mmoja kuhusu lile ua langu. Alijitahidi asicheke. Kabichi, alisema, haitoi maua bila kupitia baridi ndefu, na joto la pwani hii ya ziwa haliwezi kuipa baridi hiyo. "Ungengoja mpaka ustaafu, Mwalimu." Ningeimwagilia hadi ioze mbele ya macho yangu, na kikundi kisingepata mbegu wala mboga.

Basi leo, baada ya ibada, nikayasema hayo yote mbele yao. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu. Nilipowaona wamekuja na majembe yao, tayari kupanda, niliifupisha. Kisha mmoja wao, mama Magesa, akauliza, "Na zile hesabu ulizowafundisha watoto wetu, nazo tuzikague upya?"

Walicheka mpaka nikacheka nami.

Wanawake kumi na wawili, miche saba. Mama mkwe ndiye aliyeamua: wapewe wale wenye matuta karibu na maji, na kabichi ikishafunga, kila aliyepewa akate juu, aache shina, machipukizi yake yawaendee waliokosa. Mimi sikupata mche, na nafsi haikunung'unika. Lile shina kuukuu limeanza kutoa vijicho tena.

Kesho nina kipindi cha kilimo, darasa la sita. Katika daftari langu la maandalizi kuna mstari nilioupigia wino mwekundu miaka mingi iliyopita: mashina yang'olewe. Je, nitaweza kuufuta mbele ya watoto, na kuwaambia ni nani aliyenifundisha?

Nitaweza. Nitaanza kwa kulitaja jina lake: Nyangeta.