Askari Mia Nane wa Phelista

Saboti, Kitale
4/3/2006

Kwa mpwa wangu Nasike,

Pokea salamu za mjomba wako, mtu ambaye daktari wa Kitale haanzi kazi kabla hajamwona ameketi. Sisi wazima, sijui wewe na cherehani yako huko Bungoma.

Majibu ya damu ya mtoto wako uliyeniachia yametoka. Wanahesabu askari wa mwili, hiyo CD4. Wewe walikuanzishia dawa ukiwa na mia na themanini. Sasa sikia: Phelista ana mia nane na ishirini. Hilo ni jeshi, bana. Nilimwambia sista huyu hana haja ya dawa, akaduwaa vile mkulima anajua hesabu. Ati turudi Jumanne, na mimi niko na mahindi ya kupanda. Joto la mwili alilo nalo linaletwa na baridi ya mlima tu.

Mjomba wako,
Wabwile

Bungoma
11/3/2006

Kwa Mjomba,

Salamu za heshima. Natumaini mbegu zimeingia udongoni. Mimi niko, ila cherehani nimeifunika tangu barua yako ifike.

Nimeuliza kliniki ya hapa. Mjomba, mtoto huzaliwa na askari wengi kuliko sisi, halafu wanapungua akikua. Mia nane kwangu ingekuwa sherehe. Kwa mtoto wa miaka mitatu inaweza kuwa mabaki. Yeye wanamwangalia kwa asilimia, si kwa idadi. Iko kwa hiyo karatasi, mstari wa chini ya hiyo mia nane. Kama haifiki kumi na tano, usingoje siku ya kliniki, hata kama ni kumbeba mgongoni. Na usinifiche kitu. Ni huyo tu niko naye.

Mpwa wako,
Nasike

Kitale
29/3/2006

Nasike mama,

Salamu. Nimechelewa kwa sababu tuko wodini siku ya kumi na mbili. Asilimia ilikuwa kumi na moja. Mapafu yalikuwa yameshikwa. Sasa anapumua vizuri kidogo. Ameanza dawa ya maji. Anaitema, ninampa tena. Daktari hasemi amepona, anasema tungoje. Njoo.

Yule sista hakuduwaa kama nilivyokuandikia. Aliuliza mtoto ni wa nani, na kwa foleni kulikuwa na watu wa kanisa letu. Nikasema ni wa jirani, mimi nimemsindikiza tu. Akasema basi mwenye mtoto aje Jumanne, mambo ya hiyo karatasi atamweleza yeye.

Hapa wodini wameuliza tena. Nimesema ni wetu. Lakini kwanza niligeuka nione ni nani amesimama nyuma yangu.

Mjomba wako