Kasa Aliyenikuta Kwenye Mashua

Jumanne, nyumbani Skuta

Na sasa rafiki yangu Wambui anataka nisimulie Jumapili, mbele ya akina mama wote wa kanisa, vile nilivyoogelea na kasa huko Watamu, pwani. Najilaumu mwenyewe. Nilimtumia picha nikiwa nimevaa ile miwani na mrija wa kupumulia, akaniuliza, "Ati uliingia kwa maji na hao kobe, Mama Njeri?" Nikajibu ndiyo.

Sikuingia. Wenzangu wote mashuani waliruka, hata Njeri binti yangu, mimi nikabaki nimeshika ukingo wa mashua kwa mikono miwili. Maji ya kwetu mlimani naweza kuyakataa kwa sababu ya baridi. Yale yalikuwa vuguvugu kama chai iliyosahaulika mezani. Sina kisingizio.

Walioruka hawakuona kasa hata mmoja. Mwenye mashua alikuwa akiwaangalia wao, upande ule mwingine, wakati kasa alipoibuka kando yangu, karibu hata ningeweza kumgusa. Alitoa kichwa chenye makunyanzi, akashusha pumzi kama mama aliyetua mzigo wa kuni, akanitazama. Kisha akazama polepole.

Leo jioni Njeri ameniambia, "Mum, si uwaambie tu ukweli? Ni wewe pekee ulimwona."

Rahisi kwake. Yeye aliruka.

Nimejaribu kuipanga hadithi tangu tule. Kila nikimtia kasa ndani yake, ananikuta palepale, nimekaa kwenye mashua, nimeshika ukingo.