Mdila wa Mavyaa Umekwenda Kanisani

Bi Mejumaa, shikamoo. Usishangae barua yangu ikianza na alhamdulillahi badala ya kilio, maana mume wangu Badawi hanywi tena, na mimi niliyekuwa nikitega sikio nijue anakuja kwa miguu yake au ameshikiliwa, sasa namsikia akipanda ngazi huku akiuliza leo tumepika nini, na kila nikimsikia nashukuru upya. Lakini naomba msaada wako, kuna jambo limetukaba na nachelea neema hii itatuponyoka.

Badawi ni karani wa shehena Kilindini, na tangu alipopandishwa kazi mwaka wa uhuru wakubwa wa meli wakawa wanamkaribisha glasi, moja ikaita nyingine mpaka akawa hapati usingizi bila kunywa, anarudi nyumbani Mji wa Kale akitafuna tambuu kuficha harufu, na mavyaa wangu, ambaye tunaishi naye, akawa kila jioni anamtandikia mwanawe mkeka na mto dakani, kwenye ukumbi wa mlangoni chini ya ngazi, akisema juu kuna joto. Mimi nilikuwa nikijifunza cherehani Tudor, na mwenzangu Jael wa Buxton aliponiona nalia huku nashona akaniambia mumewe naye alikuwa vivyo hivyo, na kwamba walioacha ulevi hukutana Alhamisi baada ya magharibi katika chumba kilichomo uani mwa kanisa la hapo Tudor, wakisaidiana kwa kuzungumza tu.

Nikampeleka Badawi mwenyewe, nimejitanda buibui langu, naye alipouona msalaba akageuka arudi, ndipo akatoka kuli mmoja wa bandarini, jina lake Kingi, akamshika mkono akamwambia, "Bwana karani, hapa hatuulizani dini. Twaulizana tu, umechoka au hujachoka?" Badawi akasema, "Nimechoka." Akaingia. Mungu awalipe Kingi na Jael, kila nikisali nawataja. Alipoacha pombe mavyaa akaukunja ule mkeka akauweka juu ya kabati.

Sasa sikia balaa. Jioni ya Alhamisi ndipo nyumbani kwetu husomwa Yasini ya kumrehemu baba mkwe, na Badawi ndiye mwana mkubwa, basi nikiulizwa yuko wapi nasema yuko kazini. Wiki iliyopita shemeji yangu Gharib akamwona anaingia uani mwa kanisa amekumbatia mdila wa shaba wa mamake, ule wa kahawa, kwa kuwa huko hunywa kahawa na hawana chombo cha maana. Mavyaa akapiga ukelele nyumba nzima: "Mwanangu ametanasari! Babake yuwasomewa Yasini, yeye yuwampelekea padri mdila wangu! Asipoacha, radhi yangu haipati!" Badawi hakumjibu, maana kule wana ahadi, yanayosemwa chumbani hubaki chumbani, na mimi ameniapisha nisimwambie mamake kwamba alikuwa mlevi. Ameniambia Alhamisi hii haendi. Bi Mejumaa, nivunje kiapo, au ninyamaze nimwone akirudia ulevi?

Ni mimi mwanao, Mwanakuu.

*

Marahaba, mwanangu. Barua za ulevi hunifikia zimelowa machozi. Yako imenifurahisha, nami namshukuru Mungu pamoja nawe. Baada ya hayo niwie radhi, nitakukaripia.

Wewe na karani wako mnamficha nani? Joto! Katika nyumba zetu upepo uko juu, si dakani, na hilo mavyaa wako alilijua kabla hujazaliwa. Mkeka ule aliutandika ili mwanawe asianguke ngazini, wala asiwapite watu katika hali ile. Na siku alipoukunja, alijua pia kwamba ameacha. Amemsitiri muda wote huo hata kwako, nawe ukaamini habari ya joto. Asichokijua ni kimoja tu: nani waliomrudishia mwanawe. Mmemnyima habari hiyo, Gharib akampa ya kwake, na sasa maskini anadhani amempoteza mara ya pili.

Kiapo usikivunje, si siri yako. Ila uongo wa "yuko kazini" uache leo. Badawi mwenyewe aingie chumbani kwa mamake kabla ya Alhamisi, peke yake, ambusu mkono, aseme: nilikuwa mlevi, nimeacha, na Tudor ndiko ninakosaidiwa. Jina la mtu mwingine asilitaje. Ahadi ya chumba kile ni kuwafichia wenziwe, haimzuii kusema yake. Gharib asiitwe, mamake atamnyamazisha vizuri kuliko ninyi. Na Yasini ingoje arudi, isomwe baada ya isha naye ndiye aanzishe. Thawabu hazifungwi saa maalumu kama ofisi ya bandari.

Mama akikataa siku ya kwanza, Badawi aende Tudor vivyo hivyo, arudi, akae miguuni pake aombe tena. Radhi huombwa kwa kinywa kisichonuka tembo, na kinywa hicho anakipata kule. Alhamisi asikose.

Kuhusu mdila, hapo nasimama na mavyaa wako. Chombo cha mama hakichukuliwi kimyakimya. Auombe, na aseme unakwenda kwa nani. Nawajua wanawake wa rika langu: atausugua kwa ndimu, atapika kahawa mwenyewe. Siku Badawi akitoka mlangoni na mdila wa moto mkononi, ujue radhi ameshapewa.