Shikamoo kwenye Kigingi cha Tano

Jumamosi, baada ya isha

Sekunde nne. Bado zinaniuma, ingawa mambo yameisha vizuri.

Miezi mitano nimewafundisha watoto wa Mitwero kupenyeza baiskeli kati ya vigingi, kwa breki nilizofunga mwenyewe. Leo yalikuwa mashindano mjini Lindi; watatu wa kwanza ndio wanaingia timu ya mkoa. Mizunguko miwili, muda unajumlishwa. Basi Zuhura, tegemeo langu, kufika kigingi cha tano akaona mwamuzi pale ni mwalimu wake wa madrasa. Akafunga breki. "Shikamoo, maalim!" Na akasubiri aitikiwe, sekunde nne nzima!

Akawa wa sita. Nikamfokea: "Salamu gani hizo katikati ya mashindano?"

"Sasa kocha, nimpite mzee kama gogo?"

Nikainama kukagua breki zake.

Kabla ya mzunguko wa pili, maalim akamfuata mwenyewe mstarini. "Marahaba yako hii hapa, mjukuu wangu, ichukue kabisa. Ukifika kwangu, pita."

Akapita. Wa tatu, kwa nusu sekunde. Alhamdulillahi.

Nilipokwenda kumshukuru maalim ndipo nilipokumbuka: tangu asubuhi nimepita mbele yake mara saba, na sijamwamkia hata mara moja.